Je, Tununue Mtambo Wetu wa Kupigia Chapa?

Hotuba ya Katibu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Chama Kikuu chetu kimetimiza miaka kumi, nasi leo tunafurahi pamoja. Lakini furaha isitusahaulishe ombi la vyama vya msingi, kwamba tununue mtambo wetu wenyewe wa kidijitali wa kupigia chapa.

Chanzo cha ombi hilo twakijua sote. Msimu uliopita vitabu vya stakabadhi vilichelewa majuma matatu kwa mpiga chapa. Makarani wa mizani wakaandika kilo za kahawa katika vipande vya karatasi, na baadhi ya vipande vikapotea. Wakulima walipokuja kudai haki yao, hatukuwa na maandishi ya kuwaonyesha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa aibu ile, sisi wa ofisini ndio tuliokuwa wa kwanza kuutaka mtambo huo. Kisha tukaketi, tukapiga hesabu.

Mtambo wa kidijitali hauhitaji mabamba ya chapa. Waweza kutoa nakala hamsini tu, na kila nakala ikabeba jina la mwanachama wake. Mtambo wa mabamba hugharimu kuuandaa, lakini nakala zikiwa maelfu, bei ya kila moja hushuka. Katika ule wa kidijitali, nakala ya kwanza na ya elfu kumi hazipishani sana kwa bei. Basi wafaa kazi ndogo ndogo. Na stakabadhi zetu si kazi ndogo.

Natuchukue mfano. Tuseme mtambo ni Sh. 60,000,000/= nao utadumu miaka mitano: uchakavu ni Sh. 12,000,000/= kwa mwaka. Mshahara wa mpiga chapa uwe Sh. 6,000,000/=. Hizo ni Sh. 18,000,000/= kabla ya kuchapa ukurasa mmoja. Ikiwa wino, karatasi na matengenezo ni Sh. 100/= kwa ukurasa, na nje twatozwa Sh. 200/=, yatupasa tuchape kurasa 180,000 kwa mwaka ndipo gharama zilingane. Tukichapa kurasa 70,000, nje tungelipa Sh. 14,000,000/=, na nyumbani Sh. 25,000,000/=. Tofauti ya Sh. 11,000,000/= itatoka katika malipo ya mkulima.

Tena yapo yasiyoandikwa katika ankara. Umeme ukikatika, kazi husimama. Karatasi ikivuta unyevu, hukwama mtamboni. Fundi hutoka mbali. Na lililo zito kuliko yote: ofisi inayojichapia stakabadhi yaweza pia kuchapa stakabadhi mbili zenye namba moja. Nani atatulinda sisi wenyewe na kishawishi hicho?

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Kwanza, stakabadhi ziagizwe miezi mitatu kabla ya msimu, kwa mkataba wenye adhabu ya kuchelewa, na kila chama cha msingi kiweke akiba ya vitabu. Pili, kwa mwaka mmoja tuandike kila kazi ya chapa: kurasa zake, bei yake na siku ilipofika. Tatu, Mkutano Mkuu uamue kwa hesabu hizo na kwa bei halisi za wauzaji. Na ikiwa ni kwa mkopo, usivuke ukomo wa madeni tuliouweka.

Kwa wakulima ambao kilo zao zingali na mgogoro, twasema wazi kwamba mtambo hautawalipa. Vyama vya msingi vilete majina yao pamoja na madaftari ya mizani, nasi tutayakagua mbele yao kabla ya msimu mpya kufunguliwa. Kosa lilikuwa letu, kwa kuwa tuliagiza tumechelewa.

Tukilitengeneza hilo, huenda tukaona kwamba tulichopungukiwa ni kalenda, wala si mtambo.