Ni Nani Atakayezitengeneza Ndege Hizi?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Tarime na Serengeti)



Ndege ndogo za watalii hupita juu ya ng'ombe wetu zikielekea Seronera, na watoto huzipungia mikono. Mwaka 2018 nchi yetu ilipokea Boeing 787 yake ya kwanza, kwa fedha za wananchi. Ndege hununuliwa. Mhandisi hanunuliwi dukani, husomeshwa.

Wapo wasemao kuwa kazi hiyo si ya mtoto wa Mkurya wala wa Mngoreme. La hasha! Masharti yake yajulikana, nasi twayataja.

Mlango hufungwa mapema mno. Kidato cha Tatu mwanafunzi aweza kuacha Fizikia na Kemia. Akiziacha, habari ya uhandisi imekwisha. Sisi tuliopita chuo cha ualimu twaijua hofu ya Fizikia: mtoto huambiwa ni ngumu kabla hajafungua kitabu. Wazazi, ulizeni shuleni kama mwalimu wa somo hilo yupo. Kama hayupo, pigeni kelele.

Kidato cha Tano achukue Fizikia, Kemia na Hisabati ya Juu. Ili kuingia chuo kikuu yampasa kufaulu masomo mawili kwa pointi zisizopungua 4, na kwa uhandisi yatazamwayo ni Fizikia na Hisabati. D mbili zatimiza hesabu hiyo. Lakini nafasi ni chache na wagombeaji ni wengi, kwa hiyo asiridhike na D.

Shahada ya uhandisi wa anga ipo hata ng'ambo ya Sirari, katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hapa nchini, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, hufundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege, kwa diploma na kwa shahada. Tusichanganye mambo: wa kwanza husoma kubuni chombo, wa pili hukitunza kiruke salama, naye hutia sahihi baada tu ya kupata leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Ada ya shule za serikali iliondolewa hadi Kidato cha Nne mwaka 2016, na Kidato cha Tano na cha Sita mwaka 2022. Kwa hiyo kisingizio cha ada kimepungua. Kilichobaki ni Desemba. Binti mwenye akili ya Hisabati hukeketwa likizoni, kisha huhesabiwa ng'ombe wa mahari, na dawati lake hubaki tupu. Wazee, hili twalisema mbele yenu kwa heshima: ng'ombe hao hawamlipi mhandisi tuliyempoteza.

Jambo la mwisho ni la wiki hii. Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Kila tawi liandike majina ya wanafunzi wasio na cheti, wavulana na wasichana, na katibu ayalete Tarime mjini au Mugumu kabla ya mkutano ujao.