Maradhi Hayajui Mpaka



Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kuwa maradhi ya Korona yamekwisha kuenea ulimwenguni. Kabla ya mwaka huo kumalizika wataalamu walipata chanjo. Hiyo ilikuwa neema kubwa, lakini haikugawanywa kwa mizani ya haki. Januari 2021 mkuu wa Shirika hilo, Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, alieleza kwamba nchi 49 zenye uwezo zimekwisha kutoa dozi zaidi ya milioni 39, hali nchi moja katika zile maskini kabisa imetoa dozi 25 tu.

Ulikuwako mpango wa ushirika ulioitwa COVAX, lakini kwa sehemu kubwa ulitegemea kiwanda kimoja cha Bara Hindi. Maradhi yalipopamba moto huko mwaka 2021, dawa ikazuiliwa isitoke, na watu wa mbali wakabaki kungoja. Kweli, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na mahujaji wa nchi za nje waliporuhusiwa tena mwaka 2022, sharti mojawapo lilikuwa chanjo. Basi asiyefikiwa na chanjo alifungiwa hata njia ya Makka.

Je, walimwengu hawawezi kushirikiana? Wanaweza. Mwaka 1958 Urusi ya Kisovieti ilitoa shauri la kuung'oa ugonjwa wa ndui duniani. Ingawa ilikuwa katika uhasama mkubwa na Marekani, zote mbili zilitia mkono: huyu chanjo, huyu fedha na wataalamu. Oktoba 1977 Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, akawa mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Alipona. Mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ndui imekwisha. Naye baadaye alijitolea kuhimiza watu wachanje watoto dhidi ya polio, akafariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo.

Mei 2025 mataifa yalipitisha mkataba wa kukabili majanga kama hayo. Ni jambo jema, lakini karatasi haichanji mtu. Wenye mali wajue kwamba moto ukiachwa katika kibanda cha maskini, upepo utaufikisha kwenye jumba la tajiri. Na wanyonge nao wajenge viwanda vyao, wasomeshe waganga wao, na wasikubali uvumi uwanyime dawa iliyokwisha kufika mlangoni.