Ulemavu Hauna Dawati Moja: Maji, Dirisha la Dawa na Bajeti katika Kata ya Akheri



Ukigusia habari za ulemavu katika halmashauri zetu, swali la kwanza ni, "Hilo liko ofisi gani?" Jibu tunalijua sote: ustawi wa jamii. Mtoto hasikii, mpelekeni ustawi. Kiti mwendo kimekatika, ustawi. Mama ameachwa na mumewe baada ya kujifungua mtoto mwenye mgongo wazi, ustawi. Afisa mmoja, meza moja, na pikipiki ambayo mara nyingi haina mafuta. Ninachotaka kusema leo ni kwamba maamuzi mazito kuhusu ulemavu hapa Meru yanafanywa na watu ambao vyeo vyao havina neno hilo kabisa: mhandisi wa maji, mganga mfawidhi, mweka hazina, na fundi anayemwaga zege la ngazi za zahanati.

Nitakaa kwenye maji kuliko penginepo, maana hapo ndipo sisi wa kando ya mlima huu tunatofautiana na Watanzania wengi.

Mlima Meru ni volkano. Maji yanayopita kwenye miamba yake hubeba floridi, na kiasi chake hubadilika sana kutoka chanzo hadi chanzo, hata vyanzo vilivyo jirani. Wenzetu wa kata ya Maji ya Chai wanalijua hilo. Shirika la Afya Duniani linataka floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na baadhi ya vyanzo vya ukanda huu vimepimwa vikakutwa na mara kadhaa ya hapo. Meno ya kahawia tumeyazoea mno. Kijana wa kwetu akifika Dar es Salaam, akicheka tu wanajua ametoka wapi. Tunaishia kwenye utani, na tunasahau kwamba kinachoonekana mdomoni kinaendelea pia mahali pasipoonekana. Kwa mtoto ambaye mifupa yake bado inakua, floridi nyingi huishia kwenye mifupa hiyo. Miguu hupinda, akawa na matege au magoti yanayogongana. Kwa mtu mzima, mgongo na viungo hukakamaa taratibu, mpaka kuinama kuchota maji hayo hayo kunakuwa kazi.

Akina mama wengi wanaamini kuchemsha kunasaidia. Kunaua vijidudu, lakini floridi haitoki. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki na kuzidi makali. Na magadi tunayotia kwenye makande ili yaive upesi yanaweza kuwa na floridi yake pia.

Sasa angalieni upande wa sera. Mwaka 1974 nchi yetu iliweka viwango vya muda vya maji ya vijijini vilivyoruhusu floridi hadi miligramu 8 kwa lita. Baadaye vikashuka hadi 4. Kiwango cha 1.5 kimekuja kutambuliwa kama ukomo wa kitaifa mwaka 2018. Siwalaumu waliopanga. Vyanzo safi vilikuwa vichache, na kijiji kisicho na maji kabisa kina shida kubwa zaidi. Lakini sijawahi kusikia mtu akiiita tarakimu ile ya 8 sera ya ulemavu, na ndivyo ilivyokuwa. Iliamua ni watoto wa nani watakaopinda miguu, na hakuna ofisi ya ustawi wa jamii iliyoulizwa.

Dawa za tatizo hili la floridi zimetafutwa hapa hapa. Kituo cha utafiti wa kuondoa floridi cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi kuonyesha jinsi mkaa wa mifupa ya ng'ombe unavyonasa floridi. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, hapo Tengeru, alibuni chujio lililompa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015. Jijini Arusha kukaja mradi mkubwa wa maji wa shilingi bilioni 520. Maoni yangu ni kwamba chujio la nyumbani ni zuri, ila linamtwisha mama mzigo wa kukumbuka kubadilisha kile kinachochujia, na kukinunua. Akichelewa, anakunywa maji yale yale akidhani yamechujwa. Kwa kijiji, kuchagua chanzo chenye floridi kidogo, au kuchanganya vyanzo kabla maji hayajaingia bombani, kunawasaidia wengi zaidi hata kama hakuleti tuzo.

Nje kidogo ya mji wa Arusha kuna The Plaster House, nyumba inayolea watoto kabla na baada ya upasuaji tangu mwaka 2008. Wamo waliopinda miguu kwa floridi, wenye makovu ya moto, na waliozaliwa na nyayo zilizopinda. Kazi yao naiheshimu sana. Lakini mtoto wa floridi akishanyooshwa miguu na plasta ikatolewa, anarudi nyumbani kwenye bomba lile lile, na wadogo zake hawakuwahi kuondoka hapo.

Kwenye afya nitaanza na kitu kimoja: dirisha la dawa. Nimeketi kwenye benchi la kituo kimoja cha afya, sitakitaja, nikamwona dada mmoja kiziwi akisubiri dawa. Mtoa dawa aliita jina lake mara mbili, akaona kimya, akaliweka faili chini ya mengine. Dada alikuwa anamtazama usoni wakati wote, ila kuna kioo chenye mwanga na midomo haisomeki. Alipata dawa karibu na saa saba, baada ya jirani kumgusa bega. Hapo hapakukosekana fedha wala mtaalamu. Kadi ya namba inayoinuliwa juu ingetosha. Na lipo gumu kuliko hilo. Mgonjwa kiziwi akiingia kwa daktari na mkalimani wake ni mama mkwe, atasemaje habari za uzazi wa mpango, au za kipimo cha Virusi vya Ukimwi? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itamfikisha mlangoni, lakini ndani ya chumba anahitaji mtu anayejua lugha ya alama na kutunza siri.

Elimu ndiko tunakojivunia zaidi, na tuna haki. Chuo cha Ualimu Elimu Maalum Patandi kiko hapa Tengeru, na nchi nzima hutegemea walimu wake: wa wanafunzi wasioona, wa viziwi, wa wenye ulemavu wa akili. Lakini ujirani na chuo haujageuka ujuzi wa shule za jirani. Mtoto mwenye uoni hafifu bado anaitwa mzembe kwa sababu anakosea kunakili ubaoni. Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalum dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine, na hutoa karatasi za maandishi yaliyokuzwa na za nukta nundu. Haki hiyo inamfikia yule tu ambaye shule yake imemtambua na kutoa taarifa mapema. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 unamtaka mwalimu wa kawaida awe sehemu ya kazi hii, na sielewi kwa nini walimu wetu wa msingi hawapiti Patandi hata kwa siku za likizo.

Fedha. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, ingawa mikopo ilisimamishwa mwaka 2023 kabla ya kurejeshwa kwa utaratibu mpya. Tatizo ni kwamba asilimia hiyo 2 imekuwa jibu la kila kitu. Anayeomba njia ya mteremko sokoni anaambiwa kuna mikopo. Kwani atakopa ili ajenge mteremko wa soko la serikali?

Sheria zipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9. Inamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, na inataka kamati kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Kamati nyingi ninazozijua huamka wiki moja kabla ya tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, zikagawiwa fulana na soda, zikalala tena. Nasema haya mbele ya Wameru, ambao mwaka 1952 walimtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa kudai ardhi ya Engare Nanyuki. Kudai hamjaanza jana.

Mwenyekiti wa semina, kabla ya chai naomba tugawane makundi manne, na katika kila kundi msemaji wa kwanza awe mtu mwenye ulemavu. Kundi la maji liandike vyanzo vyote vya kata hii, na mbele ya kila kimoja kipimo cha mwisho cha floridi na mwaka kilipochukuliwa. Pasipo na kipimo waache wazi. Kundi la afya lifuate njia ya mgonjwa kutoka kituo cha bodaboda mpaka dirisha la dawa, likitaja kila mahali anapokwama. Kundi la elimu litazame orodha za darasa la nne na la saba, liulize nani hajatambuliwa. Kundi la bajeti lichukue makadirio ya mwaka huu na kutia alama kila mstari unaowagusa watu wenye ulemavu nje ya ile asilimia 2. Karatasi hizo zikabidhiwe kwa mtendaji wa kata leo jioni, ziingie kwenye ajenda ya kikao kijacho cha Kamati ya Maendeleo ya Kata, na zile nafasi zilizoachwa wazi kwenye orodha ya maji zisomwe kwa sauti kijiji kwa kijiji.