Akiba ya Safari ya Makka

Leo tuko Malaysia.

Miaka ya 1950, mkulima wa Kiislamu kijijini huko alikuwa na nia moja kubwa: kuhiji. Benki aliikwepa kwa kuogopa riba, kwa hiyo fedha alizificha nyumbani. Safari ikikaribia na fedha hazijatosha, wengine waliuza nyati wa kulimia, hata shamba. Mtu akarudi ni haji, lakini hana pa kulima. Inasikitisha, maana hija imefaradhishwa kwa mwenye uwezo, wala haikukusudiwa kumwachia mtu ufukara.

Mwaka 1959 mwanauchumi Ungku Aziz aliandika pendekezo: kiundwe chombo cha kuweka akiba ya hija bila riba. Kilianza kazi 1963, kikiwa na waweka akiba 1,281 tu. Leo kinaitwa Tabung Haji, na wanachama wake ni mamilioni. Fedha zao huwekezwa katika mashamba ya michikichi, majengo na biashara nyingine za halali, kisha faida hugawiwa wenyewe.

Lakini nia njema peke yake haikutosha. Mwaka 2018 ilibainika kwamba madeni ya chombo hicho yamezidi mali zake, serikali ikalazimika kukiokoa.

Nawe unayeweka fedha za hija chini ya godoro, ulizia taasisi ya fedha isiyo na riba iliyo karibu nawe. Na kabla hujatoa hata shilingi, omba uone hesabu zake.