Simu Imejaa: Okoa Kwanza, Ndipo Ufute

Hati ya kipindi, kwa vikundi vya wasikilizaji wa Kasese na Bwera

(MUZIKI WA KUFUNGUA, KISHA UNASHUKA)

Karibu wewe uliye Kasese mjini na Kilembe, wewe wa Bwera na Mpondwe, na wewe unayetusikia ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Kasindi. Na wewe unayesoma hati hii kikundini, karibu vilevile. Shika simu yako mkononi. Tutakwenda hatua kwa hatua, na ukiachwa nyuma, karatasi hii itakungoja.

Mada ya leo ni simu iliyojaa. Unajua dalili zake. Unataka kupiga picha, simu inakataa. Ndugu yako aliye Beni anakutumia picha, haifunguki. Simu inakuwa nzito, kila kitu kinasuasua. Kwenye simu nyingine hata ujumbe mfupi wa kawaida unagoma kuingia. Juu ya skrini linatokea tangazo kwamba nafasi imekwisha.

Pengine utasema: hilo ni jambo dogo, watu wana shida kubwa zaidi. Lakini fikiri kidogo kuhusu hapa tunapoishi. Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika, na Mei 2020 ukafurika tena, ukaharibu hospitali ya Kilembe na makazi ya watu. Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka kutoka Kongo. Mtoto wa miaka 5 alipelekwa hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa kituo cha matibabu ya Ebola cha Bwera. Na mara kwa mara watu wanavuka Mpondwe wakikimbia vita vya Kivu Kaskazini, wengine wakiwa na nguo walizovaa na simu mfukoni tu. Siku kama hizo simu ndiyo inayoleta habari ya mtoto aliyepotezana na mama yake. Ndiyo inayobeba picha ya karatasi zilizoungua au kusombwa na maji. Simu iliyojaa siku hiyo haikusaidii.

Kuna hatari ya pili, nayo ni kubwa kuliko ya kwanza. Mtu akiona simu imejaa, anafuta kwa hasira. Anafuta chochote kilicho mbele yake. Au anampelekea fundi, fundi anaifuta yote na kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Simu inakuwa nyepesi kweli. Lakini picha ya kadi ya chanjo ya mtoto imekwenda. Sauti ya baba, aliyefariki mwaka jana, imekwenda.

Kwa hiyo neno letu la leo ni moja: okoa kwanza, ndipo ufute.

(MUZIKI MFUPI)

HATUA YA KWANZA: OKOA

Kabla ya kufuta kitu chochote, jiulize: ndani ya simu hii kuna nini ambacho siwezi kukipata tena popote?

Kwa wengi wetu, vitu hivyo ni vichache. Kuna picha za karatasi: kadi ya chanjo, cheti cha kuzaliwa, matokeo ya shule, karatasi ya ukimbizi, au kadi ya mpiga kura, ambayo Wakongo wengi huitumia kama kitambulisho. Kuna picha za watu: wazazi, watoto, harusi, nyumba uliyoiacha. Kuna sauti ulizotumiwa na watu ambao huenda usiwasikie tena. Na kuna namba za simu.

Vitu hivi vitoe nakala. Njia ziko tatu, na ni vizuri kutumia mbili.

Ya kwanza ni karatasi. Picha ya hati inaweza kuchapwa kwenye duka la fotokopi, na namba za watu watano muhimu zinaweza kuandikwa kwa kalamu. Ziweke ndani ya mfuko wa plastiki, uufunge, ukae mahali ambapo unaweza kuuchukua haraka usiku.

Ya pili ni mtu unayemwamini. Tuma picha ya hati kwa dada yako, mjomba wako, au mtoto wako mkubwa, naye aihifadhi kwenye simu yake. Lakini sikiliza vizuri: usiitume kwenye kundi la WhatsApp. Hati ina jina lako, namba yako na sura yako. Ikianguka mikononi mwa tapeli, anaweza kujifanya wewe.

Ya tatu ni barua pepe yako mwenyewe. Ukijitumia picha au sauti kwa barua pepe, itakaa huko hata simu ikiibwa, mradi unakumbuka neno lako la siri.

Namba za simu pia zihifadhi kwenye akaunti yako ya Google, kama unayo, ili zirudi unapopata simu nyingine.

Kumbuka jambo moja kuhusu sauti na picha za WhatsApp. Sauti uliyotumiwa inakaa pamoja na mazungumzo yenu. Ukifuta mazungumzo yote ya mtu, na sauti yake inaweza kwenda nayo. Itoe kwanza.

HATUA YA PILI: TAFUTA KILICHOJAZA

Sasa tutafute mwenye kosa. Simu nyingi zinazouzwa Uganda zina skrini ya Kiingereza, na nyingi zilizotoka Kongo zina Kifaransa. Kwa hiyo nitataja maneno kama utakavyoyaona.

Fungua "Settings", au "Paramètres". Tafuta "Storage", au "Stockage". Hapo simu itakuonyesha nafasi yote, iliyotumika, na kilichoitumia: video, picha, programu, na vingine.

Wengi hushangaa hapa. Walidhani simu imejazwa na picha za watoto wao. Kumbe imejazwa na video ambazo hawakuziomba. Vichekesho, mahubiri, mpira, matangazo, na uvumi uliorushwa kutoka kundi hadi kundi.

Tupige hesabu. Chukua mfano wa kundi moja linalotuma video 10 kwa siku, kila moja megabaiti 15. Kwa siku ni megabaiti 150. Kwa siku 30 ni megabaiti 4,500, yaani gigabaiti nne na nusu. Kama simu yako ni ya gigabaiti 16, usisahau kwamba sehemu kubwa yake tayari imechukuliwa na mfumo wa simu wenyewe. Kundi moja, mwezi mmoja, nawe huna nafasi. Je, uko kwenye makundi mangapi?

HATUA YA TATU: FUTA KIKUBWA

Fungua WhatsApp. Gusa vitone vitatu vya juu, ingia "Settings", halafu "Storage and data", halafu "Manage storage". Utaona mafungu mawili yenye faida sana. Moja ni la vitu vinavyozidi megabaiti 5. Jingine ni la vitu vilivyorushwa mara nyingi. Anzia hapo. Gusa video moja kwa muda hadi ipate alama, kisha weka alama kwenye nyingine, kisha gusa alama ya pipa. Tazama kabla ya kufuta, kwa sababu hata video ya mazishi ya nyumbani inaweza kuwa kubwa.

Usifute picha ndogo moja moja usiku kucha. Video moja kubwa inaweza kuchukua nafasi ya picha kumi au ishirini.

Ukimaliza WhatsApp, nenda kwenye picha za simu. Simu nyingi za siku hizi zina pipa la taka. Ukifuta picha, inaingia kwanza kwenye pipa hilo na kukaa siku 30 au zaidi. Hili lina faida: ukikosea, unaweza kuirudisha. Lakini kitu kikiwa bado pipani, bado kinachukua nafasi. Ukishahakikisha, mwaga pipa.

Kisha angalia programu. Mchezo ambao mtoto aliuweka na hauchezwi tena, uondoe.

Hapa naomba tahadhari. Ndani ya kila programu utaona maneno mawili yanayofanana. "Clear cache" huondoa mabaki ya muda tu, nayo haina madhara. Lakini "Clear data", au kwenye simu nyingine "Clear storage", hufuta vitu vya programu yenyewe. Ukiigusa kwenye WhatsApp, mazungumzo yako yanaweza kwenda yote. Kama huna hakika, usiguse.

(MUZIKI MFUPI)

HATUA YA NNE: FUNGA MLANGO

Ukifuta leo na kuacha mlango wazi, mwezi ujao utarudi palepale. Mlango ni huu: WhatsApp imepangwa kupakua picha, na wakati mwingine video, yenyewe bila kukuuliza.

Rudi "Storage and data". Tafuta "Media auto-download". Utaona sehemu tatu: unapotumia data ya simu, unapotumia Wi-Fi, na unapokuwa kwenye mtandao wa nchi nyingine, yaani "roaming". Ondoa alama zote katika sehemu zote tatu. Kuanzia hapo picha na video vitakungoja. Ukitaka moja, unaigusa. Usiyoitaka haiingii.

Sehemu ile ya tatu inatuhusu sisi wa mpakani hasa. Ukiwa Bwera au Mpondwe, simu yako inaweza kunasa mtandao wa Kongo bila wewe kuvuka daraja. Na wewe wa Kasindi, inaweza kunasa wa Uganda. Video ikijipakua wakati huo, inaweza kukugharimu pesa nyingi.

Msiwe na wasiwasi, wazee wetu mnaotumia sauti kwa sababu kuandika ni kazi. Ujumbe wa sauti utaendelea kuingia wenyewe hata baada ya kuondoa alama hizo.

Na hapa nafuu ni mbili, ya nafasi na ya mfuko. Data ina bei, na Uganda imeitoza kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Video ambayo hukuitazama umeilipia pia.

HATUA YA TANO: JIHADHARI NA MSAADA WA UONGO

Yako matangazo yanayoruka kwenye skrini: simu yako ina virusi, gusa hapa tuisafishe. Usiguse. Programu nyingi za namna hiyo zinaongeza matangazo tu, na nyingine zinachungulia mambo yako. Kazi tuliyoifanya leo hukuhitaji programu mpya hata moja.

Ziko pia kadi za memori za bei ya ajabu. Juu imeandikwa gigabaiti nyingi, ndani ni chache. Unaweka picha, unaona majina yake, lakini hazifunguki. Kadi ni msaada mzuri, ila nunua kwa mtu utakayempata kesho. Weka vitu vichache, vifungue uone, na usifute nakala ya kwanza hadi uhakikishe.

Na ukienda kwa fundi, mwambie mapema, kwa maneno wazi: usifute kitu kabla sijatoa picha zangu. Kaa hapo akifanya kazi.

KWA WEWE UNAYETUMA

Neno la mwisho ni kwa sisi tunaotuma. Siku ya mafuriko, au siku ya habari ya ugonjwa, mkono unawasha kurusha kila video inayoingia. Lakini yule unayemrushia huenda ana simu ya gigabaiti 16, bando limekwisha, na anangoja ujumbe mmoja tu: mama amefika salama. Video yako inaweza kuuzuia ujumbe huo. Na huenda video yenyewe ni ya nchi nyingine na ya mwaka mwingine.

Kama una habari ya kweli, iandike kwa maneno machache: nini, wapi, lini, nani amesema. Maneno hayo hayajazi simu ya mtu.

Tukumbushane basi. Moja, okoa karatasi, picha, sauti na namba. Mbili, tafuta kilichojaza. Tatu, futa kikubwa kwanza, kisha mwaga pipa. Nne, zima upakuaji wa wenyewe. Tano, usiamini kila anayejitolea kukusafishia simu.

Na kama jirani yako, mama mzee, ana simu lakini hajui kusoma skrini, kaa naye nusu saa jioni hii. Muulize yeye mwenyewe cha kubakiza kabla hujafuta chochote.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Ikiwa simu yako itapotea usiku huu, ni kitu gani kimoja kitakachokuuma zaidi? Nakala yake iko wapi?
2. Katika makundi yenu, nani atazungumza na wenzake kuhusu kupunguza video, na atasema nini bila kumkwaza mtu?
3. Ni nani kijijini anayehitaji kusaidiwa wiki hii?



(MUZIKI WA KUFUNGA)