Kwenda Saanane kwa Mashua

Kabla hatujaanza, mwalimu aandike ubaoni maneno matatu: CHOMBO, IDADI, UKINGO. Someni pamoja. Haya, tuendelee.

Watu wa pwani wana bahati yao. Tangu Julai hadi Septemba nyangumi hutoka bahari za baridi za kusini, wakaja kuzaa katika maji yetu ya joto, na wageni hupanda mashua kwenda kuwatazama. Sisi wa Mwanza nyangumi hatuna. Yeye ni mnyama wa maji ya chumvi. Lakini ziwa letu nalo lina vya kutazamwa, tena karibu.

Kutoka Capri Point hadi kisiwa cha Saanane ni mwendo wa dakika 10 hivi kwa mashua ya injini. Kisiwa kina jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyekaa huko akilima na kuvua samaki. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, ya kwanza katika nchi yetu, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Ufuko wake ni majabali makubwa kama nyumba, yamepandana. Yatazame pole pole. Lile ulilodhani ni gogo, ni mamba anaota jua. Juu wamekaa pimbi. Mnandi wamekunjua mabawa yakauke. Ukibahatika utamwona fisi-maji akiibuka na samaki mdomoni.

Na hapo ndipo penye hatari. Mtu mmoja hupaza sauti, "Yule pale!" Wote huinuka, wakakimbilia upande mmoja.

Jioni hii chukua sufuria, uieleze katika beseni la maji. Tia mawe madogo katikati: imetulia. Sasa yasogeze yote upande mmoja. Ukingo unashuka, maji yanaingia, sufuria inazama. Mawe ni yale yale, hukuongeza hata moja. (Mwenye sufuria aombwe ruhusa kwanza.)

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilitoka Bugolora, Ukerewe, kwenda Ukara. Kilikuwa cha kubeba watu 101. Siku ile walikuwamo zaidi ya 260. Kilipinduka karibu na gati, watu wa nchi kavu wakiona kwa macho. Walikufa zaidi ya watu 220. Najua wamo kati yenu waliofiwa siku ile, na sisemi haya kuwaumiza. Nasema kwa sababu 101 ni tarakimu tatu tu, nanyi sasa mnaweza kuzisoma.

Basi ukifika kwenye chombo, tafuta idadi ya abiria iliyoandikwa. Usipoiona, uliza. Kisha hesabu vichwa, watoto pia. Vaa jaketi la kuokolea, ulifunge kamba zake kabla mashua haijaondoka. Nahodha akisema, "Bado mmoja tu," na idadi imekwisha timia, shuka. Nauli utaidai ukiwa nchi kavu. Na mnyama akionekana, kaa ulipo. Nahodha ataigeuza mashua nanyi nyote mtamwona.

Kazi ya nyumbani: Mashua ina idadi ya watu 12. Wamo 9. Gatini wamesimama baba, mama na watoto wawili, nao wanataka kupanda. Andika sentensi mbili utakazomwambia nahodha. Mwalimu atazisoma Ijumaa.