Pasipoti, Chaki na Bei ya Kiswahili



Kuna tangazo linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa mjini Morogoro. Likipotea wiki mbili tatu, linarudi na picha mpya: nenda Asia ukafundishe Kiingereza, mshahara mnono, nyumba bure, digrii si lazima. Vijana waliomaliza kidato cha sita wananiuliza kama lina ukweli. Wengine wana stashahada zao za ualimu kutoka chuo cha Kigurunyembe na wako nyumbani wanasubiri ajira. Nawajibu hivi: ukweli upo, ila haukuandikwa kwa ajili ya pasipoti yako.

Chukua Korea Kusini. Viza ya mwalimu wa lugha huko inaitwa E-2, na kwa Kiingereza wanaangalia kwanza umetoka wapi: Marekani, Uingereza, Ireland, Kanada, Australia, New Zealand, Afrika Kusini. Hao saba, basi. Kijana wa Toronto mwenye digrii ya uvuvi anaweza kuomba. Profesa wa Kitanzania aliyezeekea kwenye idara ya Kiingereza pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hayumo. Vietnam wanataka digrii na cheti cha ualimu wa lugha juu yake. Cambodia wamelegeza zaidi, na ndiko wanakoanzia wengi wasio na digrii: mtu anasoma kozi ya kufundisha Kiingereza, TEFL, ya saa 120, anashuka Phnom Penh, anapita shule kwa shule akibisha hodi. Sisemi Mwafrika hapati kazi huko. Wapo wanaopata. Lakini mwenye shule naye anauza sura kwa wazazi, na hilo halimo kwenye tangazo.

Halafu kuna balaa lenyewe. Vijana wa Kenya na Uganda wameahidiwa kazi Thailand, wakavushwa mpaka hadi Myanmar, wakafungiwa kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni. Serikali ya Kenya ilishatoa onyo tangu 2022. Kwa hiyo kabla hujauza shamba la bibi kule Matombo, nenda ofisi ya kazi ukaulize kama huyo wakala amesajiliwa. Akikuambia utaingia kwa viza ya utalii na mengine yatarekebishwa hukohuko, mmwage.

Sasa geuza kibao. Hapa kwetu, kijana wa Ulaya wa miaka 18, ametoka juzi sekondari, anashuka stendi ya Msamvu na begi mgongoni, Jumatatu yuko mbele ya darasa la tano anafundisha Kiingereza. Hana digrii wala cheti cha ualimu. Tunampigia makofi. Simchukii kijana huyo, analeta nyimbo na mipira, na watoto wanapoteza woga wa kufungua mdomo. Lakini mtoto akimuuliza kwa nini kitenzi kimebadilika kwenye sentensi hii na ile nyingine hakikubadilika, anatabasamu tu.

Vijana wetu wenyewe hatukuwapigia makofi hayo. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka watoto wote waende shule, waliomaliza darasa la saba walipewa chaki wakajifunza ualimu hukohuko kazini. Miaka ya 2000, shule za kata zilipoota kila upande, waliomaliza kidato cha sita walinolewa wiki chache wakatupwa darasani, na mtaa ukawaita voda fasta. Jina hilo la kejeli halijawafutika mpaka leo, ingawa kuna wanasheria na madaktari waliopita mikononi mwao. Mgeni asiye na wiki hata moja ya mafunzo tunamwita mwalimu wa kujitolea.

Ninachotaka kusema jioni hii ni kwamba kijana wa Morogoro asiye na digrii ana lugha anayoweza kuifundisha kwa mgeni, nayo si Kiingereza. SADC walikipokea Kiswahili mwaka 2019, Umoja wa Afrika 2022, na UNESCO wakakitengea Julai 7. Na sisi wa hapa hatuanzi sifuri. Lutheran Junior Seminary imewafundisha Kiswahili wamisionari na wageni wengine kwa miaka mingi. Wamarekani wa Peace Corps walikuwa wakiletwa Morogoro kunolewa kabla ya kupangiwa shule, wakaishi majumbani mwetu, wakala ugali wetu, wakafundishwa lugha na vijana wa Kitanzania. Pale Mazimbu, chama cha ANC kilijenga chuo cha Solomon Mahlangu kuanzia 1978, na Waafrika Kusini wakaishi nasi hadi 1992. Wengine walirudi kwao na Kiswahili cha Morogoro mdomoni. Mwaka 2018 Afrika Kusini hiyohiyo ikatangaza kwamba itaingiza Kiswahili shuleni kama somo la hiari.

Usifunge begi bado. Shule za Afrika Kusini zinataka mwalimu aliyesajiliwa na baraza lao. Mpango wa Fulbright unaopeleka vijana kufundisha Kiswahili kwenye vyuo vya Marekani unataka shahada. Milango mikubwa ina komeo lilelile. Usicho nacho ni digrii, lakini kuna kazi zisizoiulizia: kumfundisha mgeni uso kwa uso, au kwa mtandao. Jukwaa la italki, kwa mfano, lina daraja la wakufunzi wa kawaida wasiodaiwa cheti. Uliza tu mapema utalipwaje, maana kwa miaka mingi PayPal imemruhusu Mtanzania kulipa, si kupokea.

Na usidhani kuzaliwa kijijini Kinole, ndani ya Kiswahili, kunatosha. Nimemsikiliza kijana mmoja, hodari wa kuongoza wageni hadi Morningside kule mlimani, akimfundisha Mjerumani ndani ya soko la Chifu Kingalu. Nyanya, fungu, punguza, ongeza moja: yote yalikwenda vizuri. Kisha Mjerumani akasimama mbele ya karoti za Mgeta, akauliza: mbona mnasema "rafiki yangu amekuja", si "rafiki wangu", wala si "imekuja"? Kijana akakuna kichwa. "Ndivyo tunavyosema." Mama muuza karoti akacheka, lakini mgeni alikuwa ameshafungua daftari na kalamu ikabaki hewani.

"Ndivyo tunavyosema" si jibu la mtu anayelipwa kwa saa. Ngeli zina utaratibu, na unafundishika. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, huendesha mafunzo ya kuwaandaa walimu wa Kiswahili kwa wageni. Mwenye stashahada ya ualimu aongeze hayo, na kwa mgeni anayeanza lugha atakuwa na faida kuliko mwenye shahada ya fasihi asiyewahi kushika mwanafunzi wa "hujambo, sijambo".

Anza na wageni waliopo: watafiti wanaokuja chuo kikuu cha SUA, mapadri wapya, watalii. Mfundishe mmoja miezi mitatu, akirudi kwao mwendelee kwa simu, akuletee mwenzake. Na wewe unayepandisha watu mlimani, ukimfundisha mtu lugha njia nzima kutoka mjini hadi Morningside, hiyo ni kazi ya pili. Iandike kwenye makubaliano kabla ya kuondoka, kwa bei yake, isije ikamezwa na bei ya kupanda mlima.